Ziwa la Lini?

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kambale mzima, kanga mwenye manyoya yake yote, na kisu kisichokata hata ndizi mbivu. Aliyenikabidhi alikuwa Bwana Nyama wa wilaya, Mzee Mwaisumo, mtu wa Tukuyu, mrefu mpaka akiingia jikoni anainama. Afisa wa wanyamapori tulimwita Bwana Nyama, wa uvuvi Bwana Samaki, wa kilimo Bwana Shamba. Siku hizi mna majina marefu ya kizungu, lakini sisi mtu tulimwita kwa kile anachokishughulikia.

"Binti, waitwa nani?"

"Skolastika. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hilo jina mpaka mtu alimalize ugali umeungua. Nitakuita Sikola. Sasa sikiliza, Sikola. Kupika hata mke wangu anapika. Kazi ya mpishi wa kambi ni kuniambia huyu mnyama katoka wapi."

Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimetoka Msanzi juzi tu, shule niliishia darasa la tatu, na huyu mzungumzaji alikuwa na kofia ya serikali. Nikamsugua kambale kwa majivu kutoa utelezi, kama mama alivyonifundisha. Nikamnyonyoa kanga kwa maji ya moto. Nilipopasua firigisi, ile nyama ngumu ambamo ndege husagia chakula, nikakuta punje za mpunga zimejaa. Nikasema, "Mzee, huyu wa bondeni. Huku kwetu juu mpunga hakuna, tuna ulezi na mahindi."

Mzee Mwaisumo alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Na leseni ya aliyemuua inasema kauawa hapa hapa Sumbawanga. Mwajirini huyu!"

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ambayo watu waliiona ni ya masufuria. Miaka yangu yote nimepasua matumbo ya wanyama na samaki, na sikuacha kushangaa. Tumbo ni kama mkoba wa msafiri. Ukimpasua samaki unaona alikolala na alichokula, na ukimpasua swala unajua majani gani yamechipua na mvua imenyesha upande upi. Mungu hakuumba kitu kikasafiri bila kubeba udongo wa kwao.

Nilianzia Sumbawanga mjini, nikikaa Chanji katika nyumba za serikali. Nikahamishiwa Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, chini ya Bwana Samaki, Mzee Rugemalira, Mhaya mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa nyavu. Yeye ndiye aliyenifundisha kubanika, yaani kumkausha samaki kwa moshi juu ya kichanja cha miti bila kuuacha moto umguse. "Mpe moshi, usimpe moto," alikuwa akisema. "Moto ni wa mwenye njaa, moshi ni wa mwenye akiba." Migebuka niliyoibanika Kasanga ilikuwa ikipanda mlima mpaka mjini na kukaa miezi bila kuoza.

Kutoka Kasanga nikapelekwa kambi ya wanyamapori karibu na Mtowisa, bonde la Rukwa. Huko joto lilinipokea kama mtu aliyefunua sufuria usoni pangu. Kambi ilikuwa imejengwa chini kabisa ya mlima wa Lyamba lya Mfipa, juu ya mawe, na ziwa lilikuwa mbali, mstari mweupe tu huko chini kwenye tambarare. Samaki waliletwa na wavuvi kwa baiskeli. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini wazee wa serikali waliotutangulia walijenga mbali hivyo na maji. Tulisema walikuwa wavivu wa kusafisha majani.

Kambini ndipo nilipompata Venansi, askari wa wanyamapori. Alikuwa Mfipa mwenzangu wa kule Matai, mfupi, miguu imepinda kidogo, na akitembea msituni hata jani kavu halilii. Tulifunga ndoa, tukamzaa Yusta. Toka hapo yeye akaniita Mama Yusta, mimi nikamwita Baba Yusta, na ndoto yake nilianza kuisikia kila siku wakati wa kula.

"Mama Yusta, nikistaafu nataka mahali pamoja tu. Nikitoka mlangoni nikaenda kushoto, nivue. Nikaenda kulia, niwinde. Sitaki kingine."

"Na mimi nikitoka mlangoni niende wapi?"

"Wewe utakuwa jikoni unaniambia nilichokileta kimetoka wapi."

Basi ikaja miaka ya ruksa. Kila kitu kikawa ruksa. Mitumba ikajaa sokoni Sumbawanga, malori ya barafu yakaanza kushuka bondeni kuchukua samaki wabichi, na wafanyabiashara kutoka Mbeya wakawanunua wakiwa bado wanarukaruka. Pori letu likagawanywa vitalu, maana yake vipande vya kuwindia, na kitalu chetu kikapewa kampuni. Kampuni ikaja na meneja wake, mahema yake, na mpishi wake mwenye kofia nyeupe kama kengele ya padri. Mimi nikaambiwa asante. Venansi naye jina lake likasomwa pamoja na askari wengine waliopunguzwa. Mzee Mwaisumo yeye alikuwa amefikia umri, akastaafu kwa heshima na soda. Nyumba ya serikali ya Chanji, ambayo bado ilikuwa kwa jina langu, tukatakiwa kuiacha kabla ya masika ili aingie mwingine.

Hapo ndipo ndoto ya mezani ikawa jambo la kufa na kupona. Tulikuwa na kiinua mgongo cha nyumba moja. Si nyumba moja na nusu. Tukikosea mahali, hatukuwa na cha kusahihishia.

Mzee Mwaisumo alikuwa na safari ya mwisho ya kukabidhi vituo kwa mrithi wake, akatupakia kwenye Landrova. "Twendeni tukachague pa kuzeekea," akasema. "Na mimi natafuta. Tukuyu mvua hainyamazi, na kaka zangu nao hawanyamazi."

Tulianza Kasanga. Venansi alisimama kwenye mwamba akatazama maji ya Tanganyika, yale maji unayoyaona chini yakiwa kijani, kisha bluu, kisha meusi, kisha huoni tena. Ziwa lile halina sakafu. Mzee Rugemalira, miwani bado ina uzi, alitupatia kuhe mnene na nikampika pale pale ufukweni. Hakuna samaki mtamu kama yule duniani.

"Kushoto ninavua vizuri," Venansi akasema. "Kulia je?"

"Kulia ni mlima na mbuzi wa watu," Mzee Rugemalira akamjibu. "Ukiwinda mbuzi hapa watakuwinda wewe."

Tukapanda kwetu Msanzi. Mimi nilipataka Msanzi. Upepo wa baridi, harufu ya ulezi ukipepetwa, kaburi la mama. Lakini uwanda wa Ufipa mnaujua, mti mmoja huku na mwingine kule kama waliogombana, na wanyama walikwishaondoka tangu enzi za babu. Venansi alizunguka siku nzima akarudi na kware mmoja. Nikampasua. Ndani mlikuwa na punje za mahindi ya shamba la kaka yangu.

"Shemeji kalisha, mimi nimewinda," Venansi akasema. Nilimhurumia. Nikasema, twende bondeni.

Ukifika ukingo wa mlima, barabara inapoanza kuteremka kwenda Rukwa, dereva husimama hata kama hana haja ya kusimama. Sisi tuliokaa kule miaka tulishuka garini kama wageni. Bonde lote liko miguuni pako, na ziwa limelala katikati, rangi ya uji wa ulezi, halina upande wa pili. Mzee Mwaisumo alivua kofia. Alisimama hivyo mpaka dereva alipopiga honi.

Safari hii hatukuishia kambini, tulishuka mpaka kwenye tambarare. Tulipita katikati ya nyasi, tukamkuta mama mmoja amesimama karibu na kichanja cha kubanikia samaki kisicho na samaki. Maji hayakuonekana popote. Kando yake ulikuwepo mtumbwi mkuukuu ndani ya nyasi, na mti wa miiba umeota katikati yake. Yule mama aliitwa Mama Anyesi. Mungu amrehemu.

Venansi akateremka na sare yake, maana hakuwa na nguo nyingine nzuri. "Mama, ziwa liko wapi?"

Mama Anyesi akamtazama. "La lini?"

"Nasema ziwa. Maji."

"Nimesikia, baba. La lini?"

Tulicheka garini mpaka machozi. Mzee Mwaisumo akasema, "Muulizeni kwa Kifipa, Kiswahili kimempiga chenga." Nikamuuliza kwa Kifipa. Akanijibu kwa Kifipa neno lile lile, kisha akanyoosha mkono mbele, na tukaenda.

Tukalifikia. Wajukuu zangu, nitasemaje. Mwari walikuwa wengi mpaka maji yalionekana yamepakwa chokaa. Viboko walipumua kama wazee kanisani. Kulia kwetu, kwenye majani mafupi mabichi, walisimama sheshe, wale swala wekundu wapendao ukingo wa maji, wanatutazama bila hofu. Mvuvi akatupatia magege wawili. Nilipowapasua, mafuta yao yalikuwa meupe, mazito, tumbo limejaa majani machanga. Sijawahi kuona samaki aliyeshiba vile. Nikamwambia Venansi, "Baba Yusta, hapa samaki wanakula kuliko sisi." Yeye alikuwa amekwishachomeka fimbo ardhini.

Tukamwita mwenyekiti wa kijiji, Mzee Melkiori. Alikuja na wenzake, wakasimama mbali kidogo, wamevua kofia. Venansi akasema, "Mzee, naomba kiwanja hapa."

Mzee Melkiori akatazama ile fimbo, akatazama ile sare. "Hapo pa ziwa, baba."

"Ndiyo! Pa ziwa ndipo ninapopataka."

"Nasema hapo ni pa ziwa."

"Mzee tumeelewana kabisa. Nipe hapo hapo."

Wakatazamana. Mmoja akataka kusema, mwenzake akamvuta shati. Tukapewa. Njiani Venansi aliimba.

Siku zile zile alikuja pia Msukuma mmoja, Masanja, na ng'ombe wake, naye anatafuta mahali. Hakuwa na sare wala bunduki. Aliuliza kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, "Wazee, ng'ombe wangu walale wapi kwato zisioze?" Wakamwonyesha kule nyuma, kwenye mawe, karibu na mlima. Venansi alimwonea huruma. "Maskini, mgeni," akasema. "Wamempa majabali."

Tulijenga kwa tofali za udongo, bati juu, mlango unatazama maji. Nitawaambieni ukweli, sijawahi kuwa na raha kama ile. Kushoto alivua, kulia aliwinda kwa leseni yake na gobore lake. Mzee Mwaisumo, aliyeishia kununua nyumba ndogo Chanji kwa sababu mkewe alikataa mbu, alishuka kila kiangazi na ndoano zake, akakaa barazani kwetu akisema, "Venansi umenishinda, umenishinda kabisa." Na mimi jikoni niliwaambia kila walichokileta kimetoka wapi.

Neno moja tu lilinisumbua. Nilipochimba shimo la mbolea nilikuta makombe ya konokono wa majini, tabaka juu ya tabaka, chini sana. Nilishika yale makombe nikafikiri juu ya firigisi ya yule kanga. Ardhi nayo ina tumbo, na mimi nilikuwa nimelipasua, na lilikuwa linaniambia lilikula nini. Nikamwita Venansi. Akasema, "Kuku watafurahi, yatawapa mayai yenye maganda magumu." Nikafukia.

Kisha ikaja masika ile kubwa, ambayo wenye umri wangu wote wanaikumbuka. Mito ilishuka kutoka mlimani na miti mizima. Lakini ziwa halikuja kwa kishindo. Ningependa mlielewe hilo. Lilikuja kama mama mkwe, taratibu, kwa adabu, kila asubuhi limesogea kidogo na halirudi nyuma. Lilifika kwenye mti wa kuanikia nguo. Likafika kwenye banda la kuku. Siku moja nikaenda shambani kuchuma mahindi mabichi, nikakuta kambale anapita kati ya mistari kama mkaguzi.

Venansi akachimba mtaro. Akajenga tuta. Ziwa likazunguka tuta.

"Baba Yusta, tuondoke."

"Litarudi."

"Na mamba je, naye atarudi? Jana nimemwona kwenye choo."

"Sikola, nyumba ni moja." Hakuwahi kuniita Sikola, hilo lilikuwa jina la kazini. Nikajua ameogopa. Akakaa kitandani, maji yanaingia chini ya mlango, ameshika gobore, kana kwamba ziwa ni mnyama aliyevunja sheria.

Aliyemtoa ni Masanja. Alikuja na mkokoteni wake wa ng'ombe, magurudumu yamezama nusu, anapiga mluzi.

"Wafipa bwana! Mtu na akili zake anajenga ndani ya kikombe, halafu analalamika chai!"

"Ulijuaje?" Venansi akamuuliza, na sauti yake haikuwa ya ugomvi.

"Sikujua. Niliwauliza wenyewe, wakaniambia. Wewe nawe walikuambia."

"Waliniambia ni pa ziwa."

"Basi. Unataka wakuambie nini tena?"

Venansi akaanza kucheka. Alicheka, maji yakiwa magotini, akanitazama, "Mama Yusta, umesikia? Pa ziwa!" Nami nikacheka na kulia. Tukapakia bati, masufuria, na mabunduki mawili, la kweli na la mwiko wangu wa ugali, kama alivyokuwa akitania. Kuta tuliliachia ziwa.

Tukiondoka tulipita kwenye kichanja cha Mama Anyesi. Nguzo zake, zile tulizoziona porini, sasa zilikuwa zimesimama ukingoni hasa, maji yanazigusa kama yamepimwa, na magege wamejaa juu wanapata moshi. Mwenyewe alikuwa ndani ya nyasi na panga, anakata ule mti wa miiba ulioota ndani ya mtumbwi. Nikashuka kumsaidia. Nikasema, "Mama, huu si ulitupwa?"

Akaacha kukata. Akapapasa chini ya majani, akanyanyua kamba ya magome, nyeusi, imezungushwa kwenye kigingi na kufungwa fundo zuri. "Nani kakuambia umetupwa?" akasema. "Umefungwa. Aliufunga baba yangu."

Baba yake alikuwa amekufa zamani, na bado hakuna aliyeona ajabu mtumbwi wake kufungwa katikati ya nyasi. Alikuwa ameegesha chombo chake mahali pa ziwa, akaenda zake, na ziwa lilikuwa linakuja kukichukua. Mimi niliyedhani najua kusoma kilikotoka kila kitu, sikuwahi kukutana na kitu kikubwa hivyo ambacho kinatoka na kurudi, na watu wake wanakisubiri bila kukiuliza saa.

Masanja alitukatia kipande kwenye majabali yake, tukajenga tena kwa lile bati, chumba kimoja na jiko. Haikuwa nyumba ya ndoto. Ila Venansi alinunua mtumbwi, akawa anaenda kuvua pale pale juu ya nyumba yetu ya kwanza, maana magege walipenda kuzalia kwenye kuta. Mzee Mwaisumo akija anamkuta katulia katikati ya maji.

"Venansi, upo wapi hapo?"

"Chumbani. Kitanda kiko chini yangu. Nimemtoa huyu mkubwa mvunguni!"

Na alipochoka kuvua alipanda mlimani nyuma ya nyumba, akarudi na kanga. Kushoto na kulia, kama alivyotaka. Alikufa kwa homa ya uzee, kitandani, mikono yake inanuka moshi. Mzee Mwaisumo alishuka kumzika, akavua kofia kama alivyoivua siku ile ukingoni mwa mlima.

Nyie vijana mnaofanya kazi maofisini huko Sumbawanga mnaniuliza, Bibi, tukistaafu twende wapi kwenye mawindo na uvuvi mzuri? Mimi nawajibu kwamba mahali pazuri ni pale wenyeji wanapoweza kukuambia neno na wewe ukalisikia. Vueni sare kwanza ndipo muulize.

Ziwa limeondoka tena. Limekwenda mbali, kiangazi hiki hata mwari siwaoni. Kuta zetu zimeonekana, fupi, laini kama sabuni iliyotumika, na mafiga yangu matatu yamekaa vile vile nilivyoyaacha, yana makombe juu. Mwezi uliopita niliwaomba wajukuu wa Masanja waukokote mtumbwi wa Venansi kutoka uani kwangu, waushushe mpaka pale kwenye nyasi. Walinicheka njia nzima. "Bibi, unakwenda kuvua panzi?"

Niliwaacha wacheke. Tukausogeza mpaka mlangoni, palipokuwa mlango. Nikachomeka kigingi cha mpingo. Mikono yangu haina nguvu, lakini fundo nililikaza mara mbili, nikalivuta, likakaa.